Mmea Huu Una Njaa

Kwa karibu miaka miwili nilikuwa na Epipremnum juu ya rafu ya vitabu, ule mmea utambaao wenye majani ya umbo la moyo, ya kijani yenye mabaka ya manjano. Wengi huanza na huo kwa sababu huambiwa haufi. Na kweli haukufa. Uliteremka ubavuni mwa rafu mpaka ukagusa sakafu, na kila mgeni aliyeingia aliusifia kwa urefu wake. Nami nilifurahi, maana kwangu urefu ulikuwa ndiyo afya.

Shangazi yangu alipokuja kukaa nami wiki moja hakuusifia. Asubuhi ya pili alisimama mbele yake, akashika tawi moja karibu na chungu, akalipitisha polepole kati ya vidole mpaka chini, kama mtu anayekagua mshono.

"Mwanangu, mmea huu una njaa."

"Shangazi, nimeumwagilia juzi tu."

"Sikusema kiu. Nimesema njaa."

Akanionyesha. Karibu na chungu, sehemu iliyoota kabla mmea haujaja kwangu, majani yalibanana hata shina halikuonekana. Kadiri vidole vyake vilivyoshuka, nafasi kati ya jani na jani iliongezeka, na jani lenyewe likazidi kuwa dogo. Nilichukua rula. Pingili za juu zilikuwa na sentimita 3. Za katikati zilifika 7. Zile za mwisho, zilizogusa sakafu, zilikuwa na 11, na jani lililokuwa nchani halikuzidi kidole gumba changu. Mabaka ya manjano yalikuwa yametoweka kabisa kuanzia nusu ya tawi. Miaka miwili ya upungufu ilikuwa imeandikwa pale, pingili baada ya pingili, na mimi nilikuwa napita mbele yake kila siku.

Tangu siku ile mimea yangu huisoma kwa namna hiyo. Nimeona mimea mingi ya ndani, yangu na ya watu wengine, ikifa kwa kumwagiliwa maji wakati ilichokosa ni mwanga.

Neno njaa hapa lichukuliwe kwa maana yake halisi. Tumezoea kuiita mbolea chakula cha mimea, lakini mbolea ni madini. Chakula chenyewe, yaani sukari, mmea hujitengenezea ndani ya jani kutokana na maji, kaboni dioksidi iliyomo hewani na mwanga. Kazi hiyo huitwa usanisinuru, na mwanga ukipungua nayo hupungua. Matumizi lakini hayasimami: usiku na mchana mmea unapumua, unatengeneza sehemu zilizochakaa, unalisha mizizi. Kuna kiwango fulani cha mwanga ambacho kinachopatikana kinalingana na kinachotumika. Chini ya hapo mmea unakula akiba yake. Ndiyo maana dalili huchelewa. Zamioculcas, wenye mashina manene ya akiba kama viazi chini ya udongo, waweza kukaa kwenye kona ya giza miezi mingi bila kulalamika, na mwenye nyumba akaamini kwamba mmea umeipenda kona ile.

Kinachotupotosha zaidi ni macho yetu. Jua la mchana mbingu ikiwa wazi hufikia luksi 100,000 hivi, luksi ikiwa ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali. Siku ya mawingu mepesi nje bado mna elfu nyingi, mara nyingi 10,000 au zaidi. Ofisi iliyowashwa taa zote huwa na 300 hadi 500. Mtu anapotoka juani na kuingia ndani, mwanga umepungua mara mia kadhaa, lakini mboni hutanuka, macho hujirekebisha, na baada ya dakika chache chumba kinaonekana cheupe pe. Jani halina mboni ya kutanua. Linapokea kile kinacholifikia, basi.

Nilipima nyumbani kwangu kwa programu ya simu, saa sita mchana. Kwenye kizingiti cha dirisha nilipata 4,200. Hatua mbili kuingia ndani, 1,100. Juu ya rafu, mahali pa ile Epipremnum, 90. Simu si chombo cha maabara, na mtu asiichukulie tarakimu moja moja kwa uzito mkubwa, ila tofauti ya 4,200 na 90 haihitaji maabara. Na mimi mahali pale nilikuwa nasimama kuchagua vitabu, nasoma majina yake migongoni bila shida yoyote.

Njia ninayoipenda kuliko simu ni kuweka kichwa mahali pa mmea. Inama, au panda kiti, mpaka jicho lako liwe pale jani lilipo, kisha tazama dirishani. Unaona anga kiasi gani? Ukiona kipande kikubwa cha anga, mmea nao unakiona. Ukiona ukuta wa jirani tu, au paa, au ukingo wa dirisha lenyewe kwa sababu chungu kimewekwa ukuta uleule wenye dirisha, basi mmea unaishi kwa mwanga uliogonga vitu vingine kwanza. Rafu yangu ilikuwa hivyo hasa: karibu na dirisha kwa hatua, ila pembeni yake, ubavu kwa ubavu. Kutoka pale hukuona anga hata kidogo.

Njia nyingine ni kivuli cha mkono. Adhuhuri, weka karatasi nyeupe mahali pa chungu na unyooshe mkono juu yake, kama sentimita 30. Kivuli chenye kingo kali, kinachoonyesha kila kidole, ni mwanga mwingi. Kivuli kilichofifia lakini bado ni cha mkono ni mwanga wa wastani, unaotosha mimea mingi ya majani. Ikiwa huoni kitu, au unaona utusitusi usio na umbo, basi hapo ni pa kuweka picha ya ukutani.

Sasa turudi kwenye pingili, maana ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote. Umewahi kuinua ubao au ndoo iliyolala juu ya nyasi wiki mbili? Chini yake nyasi zinakuwa ndefu, nyembamba, za rangi ya manjano iliyochanganyika na weupe, na ukizigusa hazina nguvu. Porini tabia hiyo ina maana yake. Mche ulioota chini ya majani ya wengine unatumia kila ulicho nacho kurefusha shina, kwa matumaini ya kufikia upenyo kabla akiba haijaisha. Majani mapana na shina nene vitasubiri. Kwenye kona ya chumba hakuna upenyo huko juu. Mmea unarefuka, unarefuka, na kila pingili mpya inaugharimu bila kuulipa.

Kwa hiyo linganisha ya zamani na mpya. Mmea hauna haja ya kulinganishwa na picha za mimea ya watu, una kumbukumbu yake wenyewe. Jani jipya likikomaa likawa dogo kuliko lililotangulia, kisha linalofuata likawa dogo tena, hapo pana jambo. Vikonyo vikirefuka na majani kunyanyuka kama mikono inayoomba, pana jambo. Monstera ukitoa majani mazima yasiyo na matundu wakati ya zamani yalikuwa yamechanika vizuri, tazama mwanga kabla ya kutazama kitu kingine. Na mmea wa rangi mbilimbili ukianza kutoa majani ya kijani tupu, mara nyingi unajaribu kuongeza sehemu zinazotengeneza sukari, kwa sababu yale mabaka ya manjano au meupe hayana ya kutosha klorofili, ule ukijani unaonasa mwanga. Jani zuri lenye madoa ni anasa ambayo mmea wenye njaa hauimudu.

Mimea minene ya ukame ndiyo isiyojua kuficha. Mshubiri ulio gizani hulaza majani yake yaliyokuwa yamesimama, yanakuwa membamba na mepesi. Echeveria, ambayo ilikuwa imefumbata kama waridi, hufunguka, ikakunja majani chini kama sketi, kisha katikati yake ikachomoza shina. Dungusi kakati huchongoka juu kama penseli. Huyo ukimrudisha juani, sehemu mpya itanenepa, lakini kiuno kile kitabaki mpaka mwisho wa maisha yake. Shina lililokwisha kurefuka halirudi ndani.

Kuinama kuelekea dirishani watu hukuona haraka, pengine kwa sababu kunafanana na tendo la mtu. Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walieleza majaribio yao kwa miche ya nyasi. Walipovisha ncha za miche vikofia visivyopitisha mwanga, miche haikuinama. Walipoziba sehemu ya chini na kuacha ncha wazi, iliinama kama kawaida. Ncha ndiyo iliyohisi mwanga, lakini kilichopinda kilikuwa chini yake, kwa hiyo kulikuwa na ujumbe ulioshuka. Miaka ya 1920 mtafiti Mholanzi, Frits Went, alionyesha kwamba ujumbe huo ni kemikali, homoni ambayo leo tunaiita auksini. Hukusanyika zaidi upande wa kivuli, seli za upande huo zikarefuka kuliko za upande wa pili, na shina likapinda. Yaani mmea hauinami kama mtu anayegeuza shingo, unakua kuelekea mwanga. Ndiyo sababu shina changa hugeuka siku chache tu na shina gumu la zamani haligeuki tena.

Kwa maoni yangu kuinama peke yake kusimtishe mtu. Hata mmea ulio kwenye dirisha zuri huinama, kwa sababu mwanga wa dirisha unatoka upande mmoja. Geuza chungu robo mzunguko kila wiki, yatosha. Wasiwasi uanze pale kuinama kunapokwenda pamoja na pingili ndefu.

Kuna dalili nyingine ambayo sijaisikia ikisemwa sana, nayo hutangulia zote: udongo unaochelewa kukauka. Jani huvuta maji kutoka mizizini kadiri linavyofanya kazi. Mwanga ukiwa mdogo, vitundu vidogo vya chini ya jani havifunguki sana, na maji yanabaki chunguni kulekule yalikomwagwa. Chungu kilichokuwa kikikauka kwa siku 6, ukikihamishia kona ya ndani, waweza kukikuta na unyevu hata siku ya 14. Mmea bado ni wa kijani, majani hayajaanguka, hakuna la kuonekana kwa macho. Kidole kilichochomekwa kwenye udongo ndicho kinachojua.

Hapo ndipo nilipoupoteza mti wangu wa mpira, Ficus elastica, niliokaa nao tangu ukiwa na majani manne. Nilihama chumba, nikauweka pembeni ya kabati kwa sababu dirisha la chumba kipya lilikuwa dogo, na nikaendelea kumwagilia kila Jumamosi kama nilivyozoea. Majani ya chini yakaanza kuwa manjano. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Vijinzi vidogo vyeusi vikaanza kuruka nilipogusa chungu. Yakaanguka majani matatu kwa siku moja. Nilipoutoa kwenye chungu mizizi ilikuwa ya kahawia, laini, na ganda lake liliteleza vidoleni likaacha uzi mtupu ndani. Harufu yake naikumbuka mpaka leo. Mti ule ulikuwa umeniambia kwa wiki nyingi, kwa unyevu wa udongo, kwamba haukuwa ukinywa. Niliumia, na bado naumia ninapoona mtu mwingine akisimama na birika la maji juu ya mmea ulioko gizani, moyo wake ukiwa mzuri kabisa.

Jani la manjano, kwa hiyo, lisitafsiriwe peke yake. Huenda likawa maji mengi, maji machache, uhaba wa naitrojeni au uzee tu wa jani la chini. Ninachouliza ni mambo matatu kwa pamoja: udongo umekaa na unyevu kwa muda gani, jani jipya likoje kwa ukubwa, na pingili ya mwisho ina urefu gani. Vikisema lugha moja, sina shaka.

Na rangi ya kijani iliyokolea isituzuge. Jani lililokua kivulini mara nyingi huwa pana, lenye unene mdogo na la kijani cheusi, maana mmea umejaza klorofili ili kunasa kidogo kinachopita. Spathiphyllum, mmea wa ndani wenye maua meupe, mahali pa giza huwa na majani ya kuvutia sana na usitoe ua hata moja mwaka mzima. Wauzaji huandika kwamba mmea fulani "unastahimili mwanga mdogo." Sina ugomvi na kauli hiyo, ila nasisitiza kitenzi: kustahimili. Mimea mingi tunayoiita ya kivuli ilitoka chini ya misitu ya kitropiki, ambako sakafuni hufika sehemu ndogo sana ya mwanga wa juu, pengine asilimia 1 au 2, na hata hiyo, siku ya jua kali, ni luksi elfu moja au mbili. Kona ya sebule yangu haikufika hata sehemu ya kumi ya hapo.

Ukishajua kwamba ni mwanga, usikimbilie kuutoa mmea nje juani siku hiyohiyo. Majani yaliyoundwa gizani ni membamba, hayana kinga. Jua kali la mchana mmoja huyaunguza yakaacha mabaka meupe makavu kama karatasi, na jani lililoungua haliponi. Mimi huchukua wiki mbili: kwanza hatua moja kuelekea dirishani, baada ya siku tatu nne hatua nyingine, kisha nyuma ya pazia jepesi, na mwisho kizingitini ikiwa ni mmea wa jua. Wakati wote huo nahisi udongo kwa kidole, kwa sababu mmea unaoanza kula unaanza pia kunywa, na ratiba ya zamani ya maji haifai tena.

Madirisha hayalingani. Kaskazini mwa dunia dirisha linalotazama kusini ndilo lenye mwanga mrefu wa siku, kusini mwa dunia ni lile la kaskazini; walio karibu na ikweta hupata jua la moja kwa moja zaidi mashariki asubuhi na magharibi alasiri. Jua la asubuhi ni pole, hufaa karibu mimea yote ya majani. La alasiri hukuta hewa imekwisha kupata joto, liangaliwe. Halafu futa vumbi. Kitambaa chenye unyevu juu ya jani, mkono mwingine ukilishikilia kwa chini, na kioo cha dirisha nacho kisisahaulike.

Pasipo dirisha la maana, taa nyeupe ya LED hufanya kazi vizuri, mradi iwe karibu. Sentimita 20 hadi 30 juu ya mmea, saa 12 hadi 14 kwa siku, halafu izimwe, kwa kuwa mmea nao unahitaji usiku wake. Taa ya darini, mita mbili juu, inatuangazia sisi tu. Mwanga wa taa huanguka kwa kasi unapoondoka karibu nayo: ukizidisha umbali mara mbili, kwa taa ndogo kinachobaki ni kama robo.

Ile Epipremnum niliikata. Ilinichukua siku tatu kujikaza, maana ulikuwa ndio urefu niliokuwa nikiusifiwa. Shangazi alishika mkasi, mimi nikashika tawi. Tulikata vipande, kila kimoja kikiwa na kifundo, pale jani linapotokea shinani, na jani moja, tukaviweka kwenye bilauri ya maji karibu na dirisha. Baada ya wiki mbili kila kifundo kilikuwa kimetoa mzizi mweupe wa urefu wa ukucha. Tulivipanda saba katika chungu kilekile kulizunguka shina mama, na chungu kikahama rafuni, kikawekwa kwenye meza ndogo mahali ambapo, ukiinama, unaona anga kutoka pembe moja ya dirisha hadi nyingine.

Shangazi alishaondoka. Kila tunapozungumza kwa simu, tukimaliza salamu na habari za watu, huuliza, "Haya, pingili zimefika ngapi?" Leo asubuhi nimepima kabla hajapiga. Ya mwisho ina sentimita 3 na nusu. Jani linalofunguka bado limejiviringisha, jembamba kama sigara, lakini ukingo wake mmoja umeshatokeza nje, na ukingo huo ni wa manjano.